Lori Lililougua Nyumbani Tu

Mkono wangu ulikuwa wa nne kuinuka. Nakumbuka hivyo kwa sababu niliwangoja watatu wainue kwanza, na wa tatu alipoinua nikaona haya kubaki nimeshika magoti. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Wanachama wa kampuni yetu ya kununua shamba tulikuwa tumekaa kwenye nyasi mbele ya stoo ya mahindi, na tulichokuwa tukipigia kura ni kama dereva wetu aondolewe kwenye orodha ya wenye hisa. Mwenyewe alikuwa amekaa palepale, karibu na gurudumu la lori, kofia mkononi. Alitutazama mmoja mmoja tukiinua. Aliponifikia mimi, uso wake haukubadilika hata kidogo.

Nitaeleza polepole jinsi tulivyofika pale. Kama hujawahi kufungua boneti ya gari, usiogope. Nimewafundisha wengi kazi ya waya, na karibu wote walianza kwa kusema hawataweza.

Miaka ile ya baada ya uhuru, wazungu wengi wenye mashamba kuzunguka Eldoret walikuwa wakiuza na kwenda zao. Mtu mmoja hakuweza kununua shamba zima, kwa hiyo watu waliungana, wakachanga, wakaunda kampuni. Yetu ilikuwa na wakulima na wenye maduka kutoka upande wa kati wa nchi, mafundi na makarani wachache kama mimi tuliotoka upande wa ziwa, na watu kadhaa waliokuwa wamefanya kazi kwenye shamba lenyewe tangu wakati wa mzungu. Shamba lilikuwa upande wa Kesses. Tulilinunua pamoja na ng'ombe, plau, stoo, na lori moja la kijani ambalo lilikuwa limezeeka lakini halijachoka.

Dereva alikuja na lori. Namaanisha hivyo hasa: mzungu alipoondoka, mtu pekee aliyejua tabia za gari lile alikuwa yeye, maana alikuwa ameliendesha miaka mingi. Tulikubaliana kwamba atatuendeshea bila mshahara, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa hisa yake. Alimaliza, akapewa kadi ya hisa kama sisi wengine. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya zizi la zamani la farasi, na watoto wake wote walizaliwa humo. Hakuwa na kwao kwingine. Akitolewa kwenye orodha, nyumba ile ingeangukia kwenye kipande cha mtu mwingine siku ya kugawa shamba, na yeye na mama watoto wangebeba vyombo wakaenda wasikokujua.

Na siku ya kugawa ilikuwa Jumamosi ile iliyofuata. Sorovea, mpimaji wa ardhi, alikuwa ameshapima na kupiga vigingi. Kilichobaki ni kila mwenye kadi kuchota namba ya kipande chake.

Kosa alilodaiwa dereva lilikuwa la betri. Tangu mvua za masika zianze, lori lilikuwa likifa. Likitembea kila siku, lilikuwa zima. Likisimama siku mbili, liliwaka kwa kuugua. Likisimama siku nne kwa sababu ya tope, ukibonyeza stata kuliwasha unasikia mlio mdogo tu wa chuma na baada ya hapo kimya. Mara moja tulichelewa kupeleka mahindi, yakaota kwenye magunia. Mara nyingine mwanachama mmoja alikuwa mgonjwa, na watu walisukuma lori lile kwenye tope hadi mtelemkoni wakiwa wamembeba ndani. Alipona, lakini hasira haikupona.

Wakati huo watu wengi walikuwa na redio na gramafoni za kutumia betri, na si siri kwamba madereva wengine waliazimisha betri za matajiri wao kwa wenye hoteli ili watu wacheze muziki. Mtu mmoja akasema alisikia muziki sokoni Jumamosi fulani. Mwingine akasema alimwona dereva akipita na kitu kizito kwenye baiskeli. Basi ikawa anauza moto wa betri yetu.

Lakini maneno ya watu peke yake yasingetosha. Kilichomaliza kesi ni neno langu.

Mimi nilikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye gereji moja mjini, na sehemu ya hisa yangu nililipa kwa kulitunza lori hilo. Liliposumbua, liliburutwa hadi kwangu. Mara tatu lilikuja na mara tatu nililipima. Betri ilichajiwa ikashika. Dainamo ilikuwa inachaji vizuri. Nililiacha limesimama kwenye ua wa gereji siku tatu, nne, mara moja hadi wiki, na kila nilipobonyeza stata liliwaka kwa mkupuo mmoja. Niliandika kwenye karatasi: gari halina tatizo lolote. Nikatia sahihi. Mweka hazina aliisoma karatasi ile mbele ya mkutano, akaikunja, akauliza, "Sasa kama gari ni mzima, nani mgonjwa?"

Hapo ndipo mikono ilipoinuka.

Siku ya Alhamisi, mke wa dereva alikuja gerejini. Alikuwa ametembea hadi barabara kuu na kupata lifti ya trekta. Sikujua niweke wapi macho yangu. Nilimpa kiti, akakataa, akasimama karibu na benchi langu la kazi akiangalia spana.

"Mama, nisamehe kwa Jumapili," nilisema.

"Sijakuja kwa hiyo. Nimekuja kuuliza. Uliandika gari ni mzima?"

"Nililipima mara tatu, Mama."

"Ulipimia wapi?"

"Hapa."

"Na kule kwetu, mahali inalala, umewahi kuipima?"

Nikasema sijawahi. Sikuona tofauti. Gari ni lilelile na betri ni ileile.

"Mimi nina mtoto," alisema, "anakohoa usiku kucha. Nikimfikisha kwa daktari, ananyamaza, anacheza na viatu vya daktari. Daktari ananiangalia kama mimi ni mwongo." Alichukua kikapu chake. "Mtoto si mwongo. Daktari pia si mwongo. Lakini ningekuwa daktari, siku moja ningekuja kulala kwangu nisikie."

Alishukuru, akaenda. Mwenzangu wa benchi la pili, ambaye alikuwa anasikiliza tangu mwanzo, akasema, "Fundi, huyo amekushinda kwa ufundi." Nikamwambia aendelee na kazi yake. Lakini kesho yake asubuhi niliomba ruhusa, nikafunga vifaa kwenye baiskeli nikashika njia ya Kesses.

Nilimkuta dereva ameketi mlangoni pake, anashona kiatu. Lori lilikuwa chini ya kibanda cha mabati pale lilipolala siku zote. Lilikuwa limesimama tangu Jumatatu.

"Karibu, fundi," alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kuona kama bado niko?"

"Nimekuja kupima gari, Mzee."

"Si ni mzima? Nilisomewa."

"Nataka kuipima hapa inapolala."

Aliniangalia sasa. Halafu akaweka kiatu chini, akatangulia kwenda kibandani. "Pima," alisema. "Siku ya kunyongwa, mtu hakatai kupimwa shingo."

Nilichofanya ni hiki, na ningependa ukielewe, maana si kigumu. Betri ni kama tangi la maji. Gari likizimwa, bomba zote zimefungwa na maji hayaendi popote. Tangi likiisha maji usiku na mchana huku bomba zimefungwa, kuna mahali panavuja. Ili kujua, unafungua waya mmoja mkubwa kwenye betri, na katikati ya ule waya na betri unaweka taa ndogo ya kupimia. Kila umeme unaotoka sasa ni lazima upite kwenye taa yako. Kama hakuna kinachovuja, taa inabaki giza. Kama kuna kinachovuja, inawaka, na kadiri inavyowaka ndivyo unavyojua ukubwa wa tundu.

Gerejini nilifanya hivyo mara tatu, na mara tatu taa ilibaki giza. Nilitegemea giza tena. Kusema kweli, nilikuja ili nimwambie yule mama nimekuja. Niligusisha taa kwenye betri.

Ikawaka.

Haikuwaka sana. Uzi wa ndani ulikuwa na rangi ya ndizi iliyoiva. Nilitoa, nikagusisha tena, ikawaka tena. Nilishika ubavu wa lori. Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu na hakujua maana ya ile taa.

"Ni nini?" aliuliza.

"Mzee, gari inavuja."

"Inavuja nini?"

"Moto. Inavuja sasa hivi, tukiiangalia."

Alivua kofia, akaivaa tena.

Baada ya hapo kazi ni kufuata. Lori lile lilikuwa na fyuzi mbili tu. Nilitoa ya kwanza, taa ikabaki inawaka. Nilitoa ya pili, bado. Maana yake ni kwamba umeme ulikuwa unapita njia isiyokuwa na fyuzi, njia ambayo aliyetengeneza gari hakuiweka. Mtu alikuwa ameiongeza. Nikashuka nayo kwa vidole. Waya mwekundu ulitoka karibu na stata, ukapita chini ya sakafu, ukapanda nyuma ya kiti. Nilivuta magunia yaliyokuwa pale. Nikakuta mahali waya ulipoungwa.

Siku hizo tepu ilikuwa ghali, kwa hiyo gerejini kwetu tuliziba maungio kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, tukaufunga kwa uzi. Kila fundi alikuwa na mkono wake. Mwenzangu alifunga fundo moja kubwa. Mimi nilizungusha uzi mara tano na kuupitisha chini yake wenyewe, kama baba yangu alivyofunga mishipi ya kuvulia. Hapakuwa na mtu mwingine Eldoret nzima aliyefunga hivyo.

Nilihesabu mizunguko ya uzi. Ilikuwa mitano.

Sasa ni lazima nieleze lile sanduku. Kampuni yetu haikuwa na ofisi. Ofisi ilikuwa lori. Nyuma ya kiti tulikuwa tumechomelea sanduku la chuma, na ndani yake kulikaa daftari la wanachama na karatasi zote. Lilikuwa na kufuli tatu: ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, mmoja kwa katibu, mmoja kwa mweka hazina, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Mwaka wa kwanza katibu alilalamika kwamba mvua ikinyesha wanakaa ndani ya lori na hasomi majina kwa giza. Wakaniomba niweke taa humo sandukuni. Niliweka balbu ndogo juu, upande wa nyuma, na kibonyezo kwenye ukingo. Mfuniko ukifungwa unabonyeza kibonyezo, taa inazima. Ukifunguliwa, inawaka. Ilichukua asubuhi moja. Walinisifu, nikala chai, nikasahau kabisa kwamba niliwahi kuifanya.

Na kulikuwa na sheria yetu, ambayo nadhani haiko kwa kampuni nyingine yoyote: lori halitoki kwenda gereji na karatasi zikiwa ndani. Kabla ya kuniletea, viongozi watatu walikutana, wakafungua, wakatoa kila kitu wakakiweka kwenye gunia chini ya ulinzi, wakafunga sanduku tupu. Likiwa tupu, mfuniko ulishuka hadi chini na kubonyeza vizuri. Nilipima gari ambalo ugonjwa wake ulikuwa umetolewa, ukatiwa kwenye gunia na kuachwa nyumbani.

Niliweka kiganja juu ya sanduku. Chuma kilikuwa baridi, kwa sababu asubuhi ya Kesses ni baridi, ila sehemu moja kwa nyuma, upana wa sahani, ilikuwa vuguvugu kama shavu la mtu. Nikasogeza pua kwenye mwanya wa mfuniko. Nilisikia harufu ya nguo iliyoachiwa pasi ya moto juu yake.

Nilirudi mbio kwenye betri, nikaondoa taa ya kupimia na kuuacha ule waya mkubwa ukining'inia peke yake. Spana ikanianguka. Dereva aliiokota.

"Ni hiyo taa ya sanduku," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ulijua?"

"Kwamba taa ndiyo inakula moto, hapana. Lakini kwamba hiyo waya iko, nilijua. Nilikushikia tochi ukiiweka."

Ni kweli. Alikuwa amenishikia tochi. Nilikuwa nimesahau hata hilo.

"Kwa nini hukusema Jumapili?"

"Ningesema nini, fundi? Ningesema wewe umeharibu? Wewe ndiye mwenye kuandika karatasi. Mimi ni mtu wa kushika usukani." Alipangusa spana kwa shati lake, akanipa. "Na nilidhani kama ni waya yako, ungeikumbuka mwenyewe."

Niliipokea ile spana, nikaitia mfukoni.

Nilimwuliza jambo moja tu, kwa sababu lilikuwa halijakaa sawa kichwani. Sanduku lilikuwepo miaka yote. Kwa nini betri ilianza kufa juzi tu, mvua ilipoanza?

"Mvua ilipoanza nyumba zilivuja," alisema. "Watu wakaleta karatasi zao zihifadhiwe humo. Kadi za hisa, vyeti vya ubatizo, kila mtu na kifurushi chake. Katibu alikuwa anakaza mfuniko kwa goti ili kufuli ziingie." Alivuta kofia hadi machoni. "Hata mimi nilileta yangu. Nilikuwa wa mwisho. Niliona ikiwekwa juu kabisa."

Basi karatasi ziliuzuia mfuniko usifike kwenye kibonyezo, na taa haikuzimika. Sote wawili tuliliangalia sanduku. Hatukuweza kulifungua. Mwenyekiti alikuwa mjini na sorovea, katibu alikuwa darasani anafundisha, na mweka hazina alikuwa dukani kwake Chepsaita, upande mwingine kabisa. Wote watatu wangefika kesho tu, kwa kugawa. Nililala kwa dereva siku ile. Mke wake alinipa uji na blanketi, na hakuniuliza nilichokisikia.

Jumamosi watu walijaa mapema, na nguo za kanisani. Sorovea aliweka meza mbele ya stoo. Namba zilikuwa zimekunjwa ndani ya kopo la maziwa. Nilimfuata mwenyekiti kabla hajafungua kwa maombi, nikamwomba nafasi.

"Baada ya kugawa, fundi."

"Ikiwa baada, Mzee, itakuwa haina kazi."

Mweka hazina alikuwa karibu, ananyoosha tai. "Si wewe uliinua mkono Jumapili?" alisema kwa sauti ya watu kusikia. "Umeinuka, umeshuka. Huo ni mkono ama ni bawa la kuku?"

Watu walicheka. Nilicheka pia kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli. Halafu nikasema, "Njooni muone taa. Kama haitawaka, nitachota namba ya mwisho."

Walikuja. Watu wanapenda kuona kitu. Niliwapanga watoto mbele na wazee kando ya injini, nikaeleza habari ya tangi na bomba, nikagusisha taa yangu na kuifunga palepale. Ikawaka. Bibi mmoja muuza mboga aliuliza, "Na gari si imezimwa?" Nikamwambia ndiyo, Mama, imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa mwenyekiti. "Basi nani anakula?" aliuliza. Nikasema twende tukaone anayekula.

Viongozi watatu walitoa funguo zao. Kufuli ya tatu ilipotoka, mfuniko ulijiinua wenyewe kidogo, kama mkate unaoumuka. Moshi haukuwepo. Kulikuwa na harufu tu, na ile balbu yangu ndogo inawaka mchana kweupe, imezama kwenye kitambaa.

Nilitaka kuonyesha la mwisho. Nilibonyeza kile kibonyezo kwa kidole changu. Balbu ikazima. Nikamwomba yule muuza mboga aangalie taa ya kupimia kule mbele. "Imezima," alisema. Nikaachia. "Imewaka." Aliniambia nibonyeze tena, na tena, hadi akasema kwa sauti ya chini, "Haki ya Mungu, tulimwua mtu."

Lakini katibu alikuwa tayari amenyanyua kifurushi cha juu. Kilikuwa kilemba cha mwanamke, cha maua ya buluu, na upande mmoja kilikuwa kimekauka rangi ya kahawa. Alipokifungua, kilivunjika. Ndani yake kulikuwa na kadi ya hisa. Nusu ilikuwa imekuwa nyeusi, na ikaanguka vipande vipande kwenye sakafu ya lori. Chini yake ukurasa wa kwanza wa daftari la wanachama ulikuwa umeiva hudhurungi, na wa pili, na wa tatu.

Unaelewa tulichokuwa tukikiangalia: majina yetu yote, na kadi za watu wote, juu ya tangi la petroli lililo chini ya kiti, kwa wiki saba. Mwenyekiti alikaa kwenye ngazi ya lori. Mama mmoja alianza kulia polepole, na kadi yake ilikuwa salama mkononi.

Mke wa dereva alisogea, akakichukua kilemba chake. Alikikung'uta. "Ni changu," alisema. "Nilimfungia nacho."

Ndipo mweka hazina akasema neno ambalo naamini alilijutia, kwa sababu halikuwa la ubaya, lilikuwa la mtu aliyezoea sheria. "Lakini sasa hana kadi. Na asiye na kadi hachoti."

Sorovea aliinua macho kutoka mezani kwake. "Mimi nafuata daftari," alisema. "Jina likiwepo, anachota."

Katibu alifungua daftari. Ukurasa ulilia kama jani kavu. Jina la dereva lilikuwepo, na juu yake kulikuwa na mstari mwekundu ulionyooka, wa rula. Alikuwa ameupiga Jumapili ileile jioni, kilemba kikiwa bado kizima.

Nilipanda kwenye ubao wa lori. Sijui kuhutubia. Nilisema waya ni wangu, fundo ni langu, karatasi iliyosomwa niliiandika mimi, na kadi hii imechomwa na taa yangu. Nikasema kama kuna jina la kupigwa mstari, rula iko, na langu linajulikana liko ukurasa gani. Halafu nikainua mkono, nikasema, "Anayetaka mstari ule ufutwe."

Muda ulipita ambao ningeweza kuunga waya mbili. Mkono wa pili ulikuwa wa muuza mboga. Wa tatu ukawa wa mwenyekiti, akiwa bado amekaa. Baada ya hapo sikuhesabu. Nilimtazama mweka hazina. Aliinua wake hadi begani tu, akasema, "Na mimi bawa langu ni hili," na hakuna aliyecheka.

Katibu aliandika jina upya mwisho wa orodha. Dereva alichota wa mwisho, baada ya watu wote.

Ningependa kukuambia alichota kipande chenye nyumba yake. Hakukichota. Kilimwangukia mwalimu mmoja, na yeye akapata kipande cha chini, karibu na kijito, ambacho nusu yake ni tope mvua ikinyesha. Alikikunjua kile kikaratasi, akakisoma, akampa mke wake akisome. Ilibidi wavunje ile nyumba ya nyuma ya zizi wahame nayo. Mwenyekiti alisema lori litawabebea miti na mabati. Dereva alishukuru, akasema atatumia mkokoteni wa ng'ombe. Hakupanda tena kwenye lori lile. Tuliajiri dereva mwingine. Mimi nilikwenda Jumamosi nne mfululizo kubeba miti, na yeye hakunikataza, ila alinipa mizigo mizito.

Lile tope lilikuja kuwa zuri kwa mboga. Sebuleni kwake, kwenye kioo na fremu, alitundika nusu ya kadi iliyobaki. Kila mgeni aliyekuja alielezwa habari zake. "Hii ilichomwa na fundi," alikuwa anasema, halafu ananyoosha kidole kwangu, nami nimekaa pale na kikombe changu cha chai. "Ndiye huyu. Mpeni andazi."

Siku moja nilipokuwa naondoka, mke wake alinisindikiza hadi langoni. Aliweka mkono juu ya komeo baada yangu, akalitikisa mara mbili, ahakikishe limeshuka mpaka chini.